Hilo tumbawe lako ni lipi hasa? Mwongozo kamili wa kutambua matumbawe kwenye tangi la nyumbani

Kipande changu cha kwanza cha tumbawe nilikinunua hapa Kampala nikaambiwa kinaitwa Mti wa Kenya, na muuzaji akanieleza kwa uhakika kabisa kwamba kimetoka Mombasa ndo maana kikaitwa hivyo. Nikaamini, na kila mgeni akija nyumbani nilikuwa namwambia hii kitu imetoka pwani hapo kwa jirani. Ilichukua muda mrefu kujua kwamba hilo ni jina la biashara tu, duniani kote wanaliuza kwa jina hilo hilo, jenasi yenyewe (lile kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ni Capnella na iko sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, kwa hiyo jina halikuwa limenieleza chochote kuhusu lilikotoka. Iliniuma kidogo, lakini ndo siku nilianza kuangalia matumbawe yenyewe badala ya kusikiliza majina, na haya nayoandika hapa ni yale niliyojifunza tangu hapo.

Ukimwuliza mvuvi wa Ggaba wale samaki wadogo wa kukausha wanaitwaje atakwambia nkejje, na hajakosea, ila ndani ya hilo jina moja wataalamu wa Ziwa Viktoria wameona spishi mamia. Matumbawe yako hivyo hivyo alafu yanaongeza ugumu wake. Tumbawe moja linabadilika umbo kufuatana na mwanga na mkondo wa maji. Niliwahi kukata tawi la Acropora vipande viwili, kimoja nikakiweka juu karibu na pampu, kingine chini pembeni, baada ya miezi nane ungeapa ni vitu viwili tofauti: cha juu matawi mafupi manene, cha chini matawi membamba yameachana. Mama yao ni mmoja! Vitabu na picha za wataalamu vingi vinatokana na matumbawe ya baharini, tena vinakutaka ujue yametoka bahari ipi na kina gani, na sisi hiyo habari huwa imepotea kabla boksi halijatua Entebbe. Ongeza na kwamba spishi nyingine zinazaliana na spishi tofauti, na nyingine zinafanana kwa macho kabisa mpaka wapime DNA.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mapema: lengo lako la kwanza ni JENASI. Ukifika kwenye jenasi kwa uhakika umefanya kazi nzuri sana, spishi ni nyongeza kwa yale machache yanayokubali. Hii sijaitunga mimi. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini (Uganda tuko ndani tangu 1991) kwa hiyo yanasafiri na kibali, na hata kwenye hivyo vibali kuna jenasi ambazo wamekubali ziandikwe mpaka jenasi tu, Acropora na Montipora zimo, manake wanajua afisa wa forodha hawezi kwenda zaidi ya hapo. Kama dunia nzima imekubali kuandika "Acropora sp.", yaani Acropora ambayo spishi yake haijulikani, basi na wewe sebuleni kwako Ntinda andika hivyo bila aibu.

Na usiseme kujua jina ni mapambo. Galaxea ukiiweka karibu na wenzake, usiku inatoa minyiri (mikono) mirefu ya kupigania, sentimita 20 hivi, na asubuhi unakuta jirani yake amebaki mifupa. Palythoa inaweza kukulaza hospitali. Goniopora na Alveopora zinafanana mno ila kila moja ina mahitaji yake. Jina ndo linakwambia uliweke wapi, ulishe nini, na uvae glavu au usivae.

HATUA YA KWANZA: uliza kabla ya kulipa

Ukiwa bado dukani au unaongea na muuzaji kwenye WhatsApp, uliza vitu vitatu. Lilitoka nchi gani, lilivunwa baharini au lilikuzwa kwenye shamba la matumbawe, na kwenye karatasi za kibali limeandikwa jina gani. La mwisho ndo muhimu zaidi, manake kibali kinabeba jina la kisayansi, hata kama ni jenasi tu, wakati lile la dukani limeshapita midomo mitano. Wengine watakwambia karatasi hakuna. Kwa tumbawe gumu hiyo ni sababu tosha ya kuondoka. Yale laini kama Sarcophyton na Xenia hayamo kwenye orodha ya CITES kwa hiyo kukosa kibali hicho siyo kosa, ila nchi lilikotoka bado uliza na uandike.

HATUA YA PILI: zima taa ya bluu

Banange, hii ndo inaharibu kazi kuliko zote. Watu wananitumia picha ya tangi limekuwa bluu tii, tumbawe linawaka kijani na chungwa kama disko, alafu swali "hii ni nini?" Siwezi kujua na hakuna anayeweza. Ile rangi inayowaka ni protini zinazong'aa chini ya mwanga wa bluu, na spishi moja inaweza kuwa ya kijani, zambarau, kahawia au pinki, tena hilo hilo moja linaweza kuja kwako la kijani likaishia kahawia kwa sababu mwani unaoishi ndani yake umeongezeka. Rangi iwe kitu cha mwisho kuandika.

Fanya hivi. Washa taa nyeupe dakika kumi, zima pampu zote maji yatulie, futa kioo ndani na nje, simu iwe imenyooka mbele ya kioo usiipinde. Ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inasaidia sana, na kama una lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 ndo bora zaidi. Weka rula ya plastiki ya shule pembeni ya tumbawe ili ukubwa uonekane. Usitumbukize sarafu kama wengi wanavyofanya, sarafu nyingi zina shaba ndani yake na shaba kwenye maji ya matumbawe ni sumu.

Piga picha nne: koloni zima (yaani tumbawe lote), ncha ya tawi au ukingo, sehemu ya katikati kwa karibu kabisa, na upande wa chini. Alafu rudia mara tatu kwa siku, asubuhi kabla halijafunguka, mchana likiwa limefunguka, na usiku baada ya taa kuzimwa saa moja au mbili, tumia tochi uliyoifunika na plastiki nyekundu. Kuna matumbawe mchana yamelala kama jiwe, usiku ndo yanatoa minyiri, na kama hukuyaona usiku unayajua nusu tu. Umeme ukikatika au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiitumie hiyo nafasi kupiga picha, pampu zikiwa zimelala muda mrefu tumbawe linajikunja kwa shida ya hewa, hiyo siyo sura yake.

HATUA YA TATU: gumu au laini, alafu hesabu minyiri

Minyiri nasema ile mikono midogo ya polipu, yaani kila mnyama mdogo anayeunda tumbawe, kama ya pweza ila midogo na haina vinyonyeo. Hesabu. Ikiwa minane na kila mmoja una vinyoya pembeni kama unyoya wa kuku, uko kwenye kundi la minyiri minane, wengi wao ni laini: Sarcophyton, Sinularia, Xenia, Capnella. Ikiwa sita, kumi na mbili, ishirini na nne au zaidi na haina vinyoya, uko upande wa pili, wenye mifupa ya chokaa na ndugu zao wasio na mifupa.

Angalia wawili wanaodanganya hapa. Tubipora iko na mirija migumu myekundu kama filimbi zimepangwa, Heliopora iko na mifupa ya bluu ndani, zote ngumu kabisa lakini polipu zao zina minyiri minane kwa hiyo ni za kundi la kwanza. Ndo maana nasema hesabu, usiamini kidole.

Kama hakuna mfupa na minyiri siyo minane, una uyoga wa baharini (Discosoma, Rhodactis) ambao ni kisahani kimoja kimoja kimekaa kwenye jiwe, au una zile polipu za vifungo, Zoanthus na Palythoa, zenye minyiri mifupi pembezoni tu kama kope. Kutofautisha hizi mbili: Palythoa inameza mchanga kwenye ngozi yake, kwa lenzi unaona chembe chembe kwenye shina na ukigusa na kijiti ni kama msasa, Zoanthus ngozi yake ni laini safi. Na hapa naomba unisikilize vizuri. Palythoa nyingine zina palitoksini, moja ya sumu kali sana zinazojulikana kwa viumbe. Usichemshe jiwe lenye hizo polipu, usimwagie maji moto, usisugue kwa brashi, usikate bila glavu na miwani, usiguse ukiwa na kidonda mkononi. Mvuke wake umeshalaza familia nzima hospitali huko nje, waliochemsha jiwe jikoni tu kulisafisha. Mdomo ukianza kuonja chuma, macho yakiwaka, kifua kikibana, toka nje uende hospitali uwaambie daktari neno hilo hilo, palitoksini, manake hapa kwetu hawezi kulifikiria mwenyewe.

HATUA YA NNE: soma vikombe

Hii ndo moyo wa kazi yote kwa matumbawe magumu kwa hiyo tukae hapa.

Kila polipu ya tumbawe gumu inakaa kwenye kikombe chake cha chokaa, wataalamu wanakiita koralaiti. Ndani ya kikombe kuna kuta nyembamba zinazoelekea katikati kama spoku za baiskeli. Wataalamu wanasoma hivyo vikombe: ukubwa, ukingo, vimegusana au vimeachana, spoku ngapi, zina meno au hazina. Na ukishajua kuvisoma tangi lako linakuwa kitu kingine kabisa, utajikuta umekaa mbele ya kioo saa nzima.

Anza na yenye vikombe vidogo. Ukiona matawi, tazama ncha. Acropora kila ncha ya tawi ina kikombe kimoja kikubwa kimekaa juu kabisa kama taji, na vingine vidogo vimezunguka pembeni. Hakuna taji? Basi siyo Acropora hata kama matawi yanafanana. Montipora vikombe vyake ni vidogo sana, vimezama, na kati yake kuna vinundu au vipele vya chokaa, inaweza kuwa sahani, matawi au ukoko. Pocillopora mwili wake una vinundu vikubwa na vikombe vimejaa mpaka juu ya hivyo vinundu. Stylophora matawi yake yana vichwa butu na kila kikombe kina kofia ndogo juu yake. Seriatopora ncha ni kali kama sindano na vikombe vimepangwa mistari mistari kwenye tawi. Porites vikombe vimebanana kama sega la nyuki, kila kimoja milimita moja na kidogo, uso unaonekana laini ukiwa mbali. Pavona huoni ukuta kati ya kikombe na kikombe, zile spoku zinatoka kikombe kimoja zinaingia kingine bila kukatika, kama maji yanatiririka. Ukiiona mara moja hutaisahau.

Kwenda kwenye spishi ndani ya Acropora sikushauri, ziko zaidi ya mia moja. Chache zinajionyesha, kwa mfano A. millepora vikombe vyake vya pembeni vina mdomo wa chini tu umetokeza kama gamba la samaki, tawi zima linaonekana limevaa magamba, lakini hata hiyo mimi naandika "inafanana na millepora" na kuishia hapo.

Zenye vikombe vikubwa ni rahisi kidogo. Goniopora na Alveopora, zile zinazoonekana kama shada la maua, unahesabu tu: Goniopora minyiri 24, Alveopora 12. Dakika moja umemaliza. Zile za mviringo mviringo ambazo kila mtu anaita ubongo, tazama kuta: kila kikombe kikiwa na ukuta wake na kuna mfereji kati yake na jirani, elekea Dipsastraea, wakichangia ukuta mmoja kama vyumba vya kupanga vilivyoungana, elekea Favites au Goniastrea. Picha ya asubuhi tumbawe likiwa limejikunja ndo inakusaidia hapa kwa sababu nyama ikijaa maji inaficha kuta zote.

Alafu kuna zile tatu ambazo watu wanazipenda na bei yake inapanda sana, wauzaji wanaziita tochi, nyundo na mayai ya chura. Hapa kanuni inageuka, mifupa peke yake haitoshi kwa sababu nyundo na mayai ya chura mifupa yao inafanana mno, lazima uangalie ncha za minyiri likiwa limefunguka. Minyiri mirefu ya bomba yenye kidonge kimoja mwishoni ni tochi, Euphyllia glabrescens. Ncha yenye umbo la nanga au herufi T ni nyundo. Mnyiri wenye matawi madogo na vidonge vingi ni mayai ya chura. Ukishajua ncha sasa shuka chini uangalie mfupa, umesimama kama matawi yaliyoachana au ni ukuta mmoja mrefu unaojikunja. Nyundo ya ukuta ni ancora, ya matawi ni paraancora, mayai ya chura ya ukuta ni divisa, ya matawi ni paradivisa. Hili ni moja ya makundi machache ambayo mtu wa nyumbani anaweza kufika kwenye spishi kwa kujiamini kiasi, kwa hiyo furahia.

Kipande kikikufia usitupe, najua inauma lakini mfupa wake ni shule. Loweka kwenye JIK (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) usiku kucha, nje au dirisha likiwa wazi na mbali kabisa na tangi, nyama yote inayeyuka, suuza mara nyingi, anika juani. Sasa unaona spoku zote bila kitu kinachoficha. Mimi nina boksi la viatu limejaa hivyo vipande na kila kimoja kina karatasi yake, na mara nyingi jibu nimelipata humo.

HATUA YA TANO: laini zinahitaji darubini

Kwa macho unaweza kufika hivi. Sarcophyton ni uyoga wenye shina moja na kofia, na kwenye kofia kuna polipu kubwa na katikati yake vidoti vidogo, ni polipu za aina mbili. Lobophytum nayo ina aina mbili ila umbo lake ni matuta au vidole kwenye sahani nene. Sinularia ni vidole au majani na polipu zake ni aina moja tu. Xenia inapumua, inafungua na kufunga viganja muda wote.

Zaidi ya hapo jibu liko kwenye sindano ndogo za chokaa zilizomo ndani ya nyama. Kata kipande kama punje ya mchele kutoka juu, na kingine kutoka ndani ya shina chini, usivichanganye, kila kimoja kwenye kifuniko chake cha chupa, weka matone ya JIK. Inatoa mapovu, subiri nusu saa nyama iishe, chini inabaki unga mweupe. Mwaga JIK taratibu, suuza na maji safi mara nne tano, chukua tone weka kwenye kioo cha darubini. Darubini ya maabara ya sekondari inatosha, kukuza mara 40 mpaka 100, kuna mwalimu wa baiolojia jirani yangu ananiruhusu Jumamosi na wanafunzi wake wanajaa kutazama. Sinularia kwenye shina ina misumari mikubwa minene, mingine unaiona bila hata darubini. Lobophytum kwenye shina ina vipipa vyenye mikanda ya vinundu. Cladiella ni kama vyuma vya kunyanyua vya jimu. Usichanganye JIK na siki kabisa, inatoa gesi ya klorini na siki inayeyusha hizo sindano zenyewe, na usifanye jaribio hili kwa Palythoa, haina sindano hizo na unajitafutia sumu.

Kuhusu majina yanayobadilika

Utakutana na majina mawili kwa kitu kimoja ukadhani mmoja kakosea. Kuanzia 2012 zile Favia za Bahari ya Hindi na Pasifiki zilihamishiwa Dipsastraea, Favia ikabaki ya Atlantiki. Mwaka 2017 nyundo na mayai ya chura vilitolewa Euphyllia vikaitwa Fimbriaphyllia, tochi ikabaki palepale. Wauzaji wengi bado wanatumia ya zamani. Wewe andika jipya, na la zamani pembeni.

HATUA YA SITA: andika, alafu ngoja

Kila kipande kiwe na namba na ukurasa kwenye daftari. Jina la dukani, nchi, tarehe, nafasi kwenye tangi, minyiri mingapi, kikombe milimita ngapi, picha. Alafu jina lako, na mbele yake weka neno moja kati ya haya: hakika, huenda, sijui. Usiandike hakika kabla ya miezi sita, manake kipande kidogo kilichotoka safarini hakijakua kivyake, Montipora nyingi ndogo zinaanza kama ukoko alafu ndo zinaamua kuwa sahani au matawi. Rudia picha kila mwezi sehemu ile ile, taa nyeupe ile ile.

Ukimkatia rafiki kipande mpe na nakala ya ukurasa wake. Wangu wa juzi, aliopelekewa jamaa wa Mukono na boda, unasema hivi: "Namba 14. Dukani: ubongo wa kijani. Nchi: Indonesia. Kuta zimechangiwa, kikombe mm 9, minyiri usiku tu. Favites sp., huenda. Ukiona kila kikombe kimeanza kujitenga na ukuta wake nipigie."